Sheria ya Simu na Watu wa Ziwani

Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa ufukoni pale Liuli, ikitengenezwa. Ikatokea meli ya Waingereza, Guendolen, ikaipiga mizinga. Nahodha Mjerumani alishangaa na kukasirika, maana hakuwa amesikia bado kwamba vita vimekwisha kuanza huko Ulaya. Waingereza wa ng'ambo walikuwa wameipata habari kwa simu ya waya. Yeye hakuipata, akatekwa.

Twakitaja kisa hiki kwa sababu wako watu wadhanio kuwa sheria ya mawasiliano ni mambo ya mawakili wa Dar es Salaam, wala haimhusu mvuvi wa Mbamba Bay au mkulima wa kahawa wa Umatengo. Hasha! Yafaa tuitazame kwa makini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi ya barua na simu ilishikwa na shirika moja la Serikali. Mwaka 1993 Bunge liliigawa kazi hiyo: Posta ikawa peke yake, Kampuni ya Simu peke yake, na Tume ikawekwa kusimamia. Utangazaji nao ulipata sheria yake. Mgawanyo huo ulikuwa wa haki kwa siku zile, maana barua, simu na redio vilikuwa vitu vitatu mbalimbali. Lakini intaneti ilipokuja, mawimbi yale yale yalianza kuchukua sauti, picha, maandishi na hata fedha. Kwa hiyo mwaka 2003 usimamizi uliunganishwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, iliyozifuta zile za 1993 za mawasiliano na utangazaji. Utaratibu wa leseni nao ulikuwa umegeuzwa tangu mwaka 2005: mwenye kujenga minara ana leseni yake, mwenye kuendesha mtandao ana yake, mwenye kuuza huduma ana yake, na mwenye kutoa habari na vipindi ana yake.

Basi hayo yana faida gani huku kwetu? Mawimbi ya simu hayapendi milima. Mnara uliojengwa kwenye kilima kimoja cha Umatengo huweza kuacha bonde zima la pili katika ukimya, na ufukoni mwa ziwa simu hunasa kwa urahisi mtandao wa nchi jirani, mwenye simu asijue ila salio linapokwisha. Kampuni itafutayo faida haina haraka ya kujenga mnara kwa ajili ya kaya chache. Ndiyo maana mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao makampuni huuchangia kutokana na mapato yao, nao husaidia gharama mahali pasipo na faida. Tarehe 13 Mei 2023, mjini Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya minara 758 vijijini. Ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini mnara usio na umeme wa kutosha ni mti mkavu. Kijiji kiulize unafanya kazi saa ngapi kwa siku, kisitosheke na kuuona umesimama.

Liko jambo jingine ambalo twaliona kuwa zito zaidi. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza nchini, simu imekuwa mfuko wa fedha. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2015, miaka saba baadaye. Tena mwaka 2019 wananchi waliamriwa kusajili laini zao upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na muda ukaongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Walikuwako wazee ambao mashine haikuvitambua vidole vyao, maana vimelika kwa jembe. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msomaji na ahesabu mwenyewe: mali ilipokelewa kwanza, kufuli ikanunuliwa miaka mitatu baadaye.

Katika kuadhibu, lakini, sheria haikuchelewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, yamtoza mwenye kueneza habari za uongo faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kanuni za 2018 ziliwataka hata wenye kublogi wakate leseni kwa ada ambayo kijana wa Mbinga asingeipata. Mzigo huo ulipunguzwa mwaka 2022. Hatusemi uongo uachwe uenee. Twasema kwamba sheria iliyo nyepesi kwa mwenye mtandao na nzito kwa mwenye kusema haijapimwa kwa mizani moja.

Tena imeandikwa kwa lugha gani? Sheria ya 2010 ilitungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge liliamua kuwa lugha ya sheria iwe Kiswahili, na Sheria hii ya Mawasiliano ingestahili kuwa miongoni mwa za kwanza kutafsiriwa, kwa kuwa kila mwenye simu yuko chini yake.

Kwa sasa yako mambo matatu ambayo kila mtu aweza kuyafanya. Apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba ya kitambulisho chake, na akikuta asiyoijua aende kwa kampuni husika akaifute. Na akipokea ujumbe wa tapeli amwambiaye atume fedha kwa namba fulani, aupeleke kwa 15040. Akiwa na malalamiko juu ya huduma, ayapeleke kwanza kwa kampuni kwa maandishi na kutunza nakala. Asiporidhika, ayapeleke TCRA pamoja na nakala hiyo.