SOMO LA KIKUNDI: Kazi ya Nyumbani ni Ipi, Daftari au Mtungi?



Maneno "kazi ya nyumbani" yana maana mbili hapa kwetu. Kwa mwalimu ni zile hesabu anazompa mtoto aende nazo, ambazo watoto huita homuweki. Kwa mama ni kuteka maji, kutafuta kuni na kubeba mtoto mdogo. Mwanafunzi ni mmoja na jioni ni moja. Hapo ndipo shida huanzia.

Hebu tumfikirie msichana wa gredi ya nne pande za Kuresoi. Kulingana na kanuni za elimu za mwaka 2015, masomo ya shule za kutwa huisha saa tisa unusu, na michezo saa kumi na moja kasorobo. Akitembea saa moja kufika nyumbani, halafu aende mtoni, giza limeingia. Baada ya chakula ndipo anafungua daftari, koroboi inatoa moshi, macho yanafumba. Asubuhi hajamaliza. Anaogopa mwalimu, basi anajifanya mgonjwa. Homuweki iliyokusudiwa kumsaidia imemtoa darasani.

Walimu wanasema nini?

Walimu hawana neno moja juu ya jambo hili. Wengine husema homuweki humzoesha mtoto kujitegemea, na mzazi huona anachofundishwa. Wengine husema mtoto mdogo amechoka, na nyumba hazilingani: mmoja ana taa na meza, mwingine hana.

Mwaka 2006 Profesa Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya tafiti nyingi walizokusanya. Waliona kwamba homuweki huambatana na matokeo mazuri zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko kwa wale wa madarasa ya chini. Cooper huunga mkono kipimo cha dakika 10 kwa kila darasa: gredi ya kwanza dakika 10, gredi ya nne dakika 40, basi.

Hapa Kenya jambo hili lilizua kelele baada ya mtaala wa umilisi, yaani CBC, kuanza kote nchini mwaka 2019. Mtaala huo unataka mzazi ashiriki. Lakini wazazi wengi walilalamika kwamba wanatumwa kuchapisha picha na kununua vifaa, na wengine wakaishia kufanya kazi hiyo wenyewe usiku. Jameni, hapo nani anasoma? Mzazi akifanya kazi ya mtoto, mwalimu hawezi kuona mahali mtoto amekwama.

Tufanye nini?

1. Tuongee na mwalimu. Wazazi watatu au wanne waende pamoja, kwa heshima. Waulize: kazi hii ni ya dakika ngapi? Inaweza kutumia vitu tulivyo navyo, kama maharagwe, vijiti na magunzi?

2. Tugawe kazi za nyumbani. Mvulana naye ana mikono ya kubeba mtungi. Mtoto apate nusu saa ya daftari kabla ya giza, ndipo ashike kazi nyingine.

3. Mzazi asiyejua kusoma asijidharau. Mwambie mtoto akusomee kwa sauti, kisha akueleze kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa kueleza, hajaelewa bado. Mpe pia ahesabu pesa za maziwa na chenji ya dukani. Hiyo pia ni hesabu.

4. Tutafute mahali pamoja. Nyumba tano zikikubaliana, watoto wanaweza kukaa kwa mwenye taa ya sola au katika ukumbi wa kanisa. Kijana aliyemaliza kidato cha nne aketi nao. Asiwape majibu.

5. Mtoto akishindwa, aende shule hivyo hivyo na kusema, "Hii imenishinda." Asipigwe, si nyumbani wala shuleni. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kumwumiza mtoto mwilini au akilini.

Kumbukeni: homuweki nzuri kwa mtoto mdogo ni fupi, anaifanya mwenyewe, na inamwachia nafasi ya kucheza na kulala. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadiliana

- Jana jioni, mtoto wako alifanya kazi gani tangu atoke shule hadi alale? Zitaje zote.
- Ni kazi ipi ingeweza kufanywa na mtu mwingine?
- Ni nani miongoni mwetu atakayekwenda kumwona mwalimu, na siku gani? Katibu aandike majina kabla hatujaachana.