Mchezo wa Kompyuta Huundwaje? Somo kwa Kijana Anayeitaka Kazi Hiyo

Jioni, masomo yakiisha, vibanda vya michezo ya kompyuta vya Madale, kama vile vya mitaa mingine ya pembezoni mwa Dar es Salaam, hujaa vijana. Kila mmoja hulipia zamu yake, akashika pedi, akacheza mpira wa miguu kwenye kioo. Miongoni mwao yumo anayejiambia kwamba hii ndiyo itakuwa kazi yake. Mzazi akisikia hayo hudhani mwanawe ametekwa na uvivu. Wote wawili wana kosa moja: wanadhani kuunda mchezo ni sawa na kuucheza. Lakini kula pilau hakumfanyi mtu kuwa mpishi.

1. Sheria

Kila mchezo una sheria. Tuchukue bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa katika nyumba, na nyingine 22 mkononi. Anayeweza kula hana budi kula. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, amelala, na zamu ni ya mwenziwe.

Mzee wa barazani huzifuata sheria hizi bila hata kuzitamka. Kompyuta, kinyume chake, haijui lolote mpaka ielezwe kila hatua. Je, shimo hili lina kete? Kama linazo, fanya hivi. Kama halina, fanya vile. Kupanga amri za namna hiyo, bila kuacha pengo hata moja, ndiko kuandika programu.

2. Mwendo

Kitu kinachoonekana kukimbia kwenye kioo hakikimbii. Ni picha nyingi zilizotulia, zinazofuatana upesi hata jicho likaziona kuwa mwendo mmoja. Michezo mingi huchora picha 60 kwa sekunde. Kwa hiyo kila picha ina muda wa milisekunde 16.7 tu, na katika muda huo kompyuta hutambua vitufe vilivyobonyezwa, hukokotoa mahali pa kila kitu, kisha huchora.

Tuseme mpira umepigwa wima kwa kasi ya mita 12 kwa sekunde. Katika picha ya kwanza utapanda 12 ÷ 60, yaani mita 0.2. Mvutano wa dunia hupunguza kasi hiyo kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde moja. Basi kwa kila picha kasi hupungua kwa 9.8 ÷ 60, yaani mita 0.163 kwa sekunde. Baada ya picha 73 hivi kasi yote imekwisha, mpira umepanda mita 7 na ushei, nao huanza kushuka. Hiyo ni fizikia ya sekondari. Asiyeijua ataunda mpira unaoelea kama puto.

3. Mfano wa Tanga

Michezo si anasa tu. Mwishoni mwa mwaka 2017 yalianza katika mkoa wa Tanga majaribio ya mashindano ya Global Learning XPRIZE. Watoto wapatao 3,000 wa vijiji 170 walipewa kompyuta bapa zenye masomo ya Kiswahili na hesabu, wajifunze wenyewe bila mwalimu. Kabla ya majaribio, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 walitangazwa washindi wawili: onebillion na Kitkit School. Programu hii ya pili ilitokana na kampuni ya Enuma, ambayo mwanzilishi wake mmoja, Sooinn Lee, alikuwa msanifu wa michezo ya kompyuta kabla ya kuigeukia elimu.

4. Njia ya kuifikia kazi

Mchezo mmoja huhitaji watu wengi: msanifu wa sheria, mwandishi wa programu, mchoraji, mtunzi wa sauti, na mjaribuji anayetafuta makosa. Nchini Kenya, Wesley Kirinya alitoa mchezo wa Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana katika kampuni ya Leti Arts.

Haifai kumficha kijana ukweli: nafasi za kazi hii nchini bado ni chache. Ndiyo sababu msingi wake uwe mpana. Anayeacha hisabati akitumaini ustadi wa vidole amejifungia mlango kwa mkono wake. Anayeishika hisabati na fizikia, akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam kusomea kompyuta, hatapoteza kitu hata asipopata kazi ya michezo. Maarifa hayo hayo huhitajika katika benki, hospitali na mitambo. Zana za kuanzia, kama Godot ya kuundia michezo na Blender ya kuchorea, hutolewa bure. Asiye na kompyuta na aanze kwa karatasi na kalamu.

Mazoezi

(a) Andika sheria za mchezo wa rede katika ukurasa mmoja. Mpe mtu asiyeujua, aucheze bila kukuuliza. Kila swali atakalouliza ni kosa katika programu yako.

(b) Mwezini mvutano ni mita 1.6 kwa sekunde katika kila sekunde. Mpira wetu utachukua muda gani kufika juu kabisa, na ni picha ngapi zitachorwa?

(Jibu la b: sekunde 7.5, picha 450.)

Kijana atakayeyamaliza mazoezi haya na kutamani mengine, huyo ameanza kazi. Mzazi wake naye atakuwa amepata cha kumpima nacho.