Dawa ya Kufunga Tumbo: Ifahamu Kabla ya Kuimeza

Loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara inayouzwa kwenye kemisti, ni ya jamii moja na morfini. Ikimezwa kwa kipimo, hailevi. Hupunguza kasi ya utumbo ili mwili ufyonze maji. Haiui viini vya ugonjwa.

Kwa hivyo, anayehara damu, mwenye homa au anayeshukiwa kuugua kipindupindu asiitumie. Mtoto apewe ORS na zinki.

Mtu mzima humeza tembe 2 za miligramu 2, kisha 1 kila baada ya choo chepesi, zisizidi 4 kwa siku bila ushauri wa daktari. Kuzidisha huvuruga mapigo ya moyo.

Mkazi wa Suna anayehara maji mfululizo afike mapema Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Migori, akinywa ORS njiani.