Nani Aliyeharibu? Kauli za Vitenzi na Ubaguzi wa Rangi Ukambani, 1938

Utangulizi

Ubaguzi wa rangi unapotajwa madarasani, aghalabu fikra hukimbilia Afrika Kusini au Marekani. Hata hivyo, Afrika Mashariki ina historia yake. Makala hii inachunguza upinzani wa Wakamba dhidi ya upunguzaji wa mifugo kwa nguvu mwaka 1938, kwa kutumia zana ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anayo, yaani kauli za vitenzi. Hoja kuu ni kwamba dhuluma ya rangi hupata nguvu pale lugha inapomficha mtenda, na kwamba kudai usawa ni pamoja na kumrejesha mtenda huyo katika sentensi.

Usuli: ardhi na rangi

Wakamba walikuwa na malisho ya aina mbili: weu, yaliyokuwa ya wote, na kisesi, yaliyotengewa mtu au ukoo wake. Machoni pa wakoloni, weu ilikuwa ardhi tupu isiyo na mwenyewe. Hivyo vilima vya Mua vikageuka mashamba ya walowezi, nayo nyanda za Yatta zikafanywa ardhi ya Serikali. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilimruhusu mlowezi Mzungu kukodi ardhi kwa miaka 999, ilhali Mwafrika alifungiwa katika hifadhi. Mwanamume Mwafrika alilazimishwa pia kubeba kipande, sharti ambalo Mzungu hakuwekewa. Katika Baraza la Kutunga Sheria, hakuna Mwafrika aliyeketi hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Kauli na mtenda aliyefichwa

Katika miaka ya 1930 mmomonyoko wa udongo Ukambani ulikuwa mkubwa, na jambo hilo halina ubishi. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti kali kuhusu hali hiyo. Swali ni nani aliyetajwa kuwa chanzo. Tuzitazame sentensi tatu:

(a) Ardhi imeharibika.
(b) Ardhi imeharibiwa na Wakamba.
(c) Serikali iliwanyang'anya Wakamba malisho, wakasongamana na mifugo yao mahali padogo.

Sentensi (a) iko katika kauli ya kutendeka: hali ipo, mtenda hayupo. Sentensi (b), katika kauli ya kutendwa, inamtaja mtenda lakini inafuta yaliyotangulia. Sentensi (c), katika kauli ya kutenda, inaonyesha chanzo. Hoja ya serikali, ikifasiriwa kwa Kiswahili, ilianzia (a) ikaishia (b). Sentensi (c) haikupewa nafasi, kwa kuwa ingeishtaki serikali yenyewe.

Kutokana na hoja hiyo, maafisa waliweka idadi ya ng'ombe walioruhusiwa kubaki, wakawapiga chapa, na waliozidi wakanadiwa kwa bei ya chini. Wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Kwa Mkamba, ng'ombe alikuwa mahari ya mwana, akiba ya mwaka wa njaa na heshima ya boma. Aliyepoteza ng'ombe alipoteza njia ya kuoza, ya kuoa na ya kuokoka ukame. Kalamba na sehemu nyingi za Makueni ya leo zilikuwa wakati huo ndani ya Wilaya ya Machakos, iliyolengwa na amri hiyo.

Jibu la Wakamba

Samuel Muindi Mbingu na wenzake kutoka Ngelani, jirani na mashamba ya walowezi ya Mua, waliongoza Ukamba Members Association. Mwishoni mwa Julai 1938, zaidi ya watu 1,000, wake kwa waume na watoto, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa. Walitaka kumwona Gavana Robert Brooke-Popham. Isher Dass, mjumbe Mhindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasaidia kupaza sauti. Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kupunguza mifugo kwa nguvu. Ilikuwa na sababu ya kuhofu: askari na polisi wake wengi walikuwa Wakamba.

Ushahidi wa baadaye

Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao mwaka 1994. Walionyesha kwamba wakazi wa Machakos, pamoja na Makueni, waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1990, na mmomonyoko ukapungua. Matuta yalichimbwa, mengi na vikundi vya mwethya ambamo wanawake walikuwa mhimili. Aina moja ya matuta hayo huitwa "fanya juu", jina lililo katika kauli ya kutenda. Watu walewale walioitwa waharibifu ndio walioitengeneza ardhi.

Mapambano yanayoendelea

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa rangi katika Ibara ya 27, na Ibara ya 67 inaipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria. Mtaa wa Muindi Mbingu upo katikati ya Nairobi, na kandokando yake, katika Soko la Jiji, nyama huuzwa kila siku. Hata hivyo, sentensi kama "mifugo ilipunguzwa" ingali rahisi kuandikwa. Anayeikariri bila kuuliza "na nani, kwa faida ya nani?" huendeleza bila kukusudia usemi wa mkoloni.

Hitimisho

Sarufi haiwezi kurudisha weu iliyochukuliwa. Inaweza, hata hivyo, kumzoeza msomi kumtafuta mtenda, na dai la haki halisikiki mahali ambapo mtenda hajulikani.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha athari ya kauli ya kutendwa na ya kutendeka katika masimulizi ya historia.
2. Kusanya neno moja la enzi ya ukoloni, kama vile "boi" au "kipande", kutoka kwa wazee wa kwenu Kitui, Makueni au kwingineko, kisha ueleze linavyobeba mahusiano ya rangi.