SOMO KWA MAKATIBU: KIWANDA KINAPOFUNGWA



Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube, Ohio, Marekani, ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha chuma. Watu wapatao 5,000 walipoteza kazi. Raia waliweka akiba ili wakinunue kwa pamoja. Mwaka 1979 serikali ikakataa kuudhamini mkopo wao. Mji wa Youngstown ulikuwa na wakazi 168,000 mwaka 1950. Mwaka 2020 walihesabiwa 60,000.

Chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa kiwanda kimoja kinakabiliwa na hatari hiyo hiyo. Mkopaji na wadhamini wake hupokea mshahara dirisha moja; kiwanda kikifungwa, makato ya wote husimama siku moja. Kasoro hii naikuta mara nyingi niendapo kukagua. Angalau mdhamini mmoja awe na pato la nje ya kiwanda, hata likiwa la shamba.