Kabla ya kulaumu baridi, chemsha maji

Wiki iliyopita alisimama getini kwangu, hapa Sumbawanga, kijana anayeuza machipukizi ya migomba kwa baiskeli. "Mama, hii mbegu ya Tukuyu, inakubali popote." Nikamwambia ashushe mzigo, nikachukua chipukizi nene kuliko yote, na kwa panga lake mwenyewe nikaanza kulimenya tunguu. Vijia vyeusi vilipita huku na huku, na katikati alijikunja funza mweupe mwenye kichwa cha kahawia.

"Na huyu naye katokea Tukuyu?"

Bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria walicheka mpaka kijana akateremsha bei bila kuombwa. Nikanunua yale yenye doa la juujuu tu, nusu bei, na kwa kweli siku nzima nilijisikia vizuri.

Siwapendi wauzaji wa namna hii. Mgomba ukianguka na mkungu wake mchanga, jibu lao ni moja: Ufipa ni baridi, migomba haikubali. Baridi huuchelewesha, hilo kweli. Juni na Julai mgomba wangu hukaa tu, na anayelima bondeni Rukwa atakula ndizi mapema kuliko mimi. Lakini mgomba hauanguki kwa baridi. Fukusi, mdudu wa migomba, hutaga mayai shinani, funza hutoboa tunguu, mizizi inakosa pa kushika, halafu upepo wetu wa kiangazi unamalizia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, na ndiyo ninayoitetea: menya, kisha chemsha. Chukua chipukizi lenye majani membamba kama upanga. Kata mizizi yote, menya tunguu mpaka libaki jeupe. Likiwa na vijia mpaka moyoni, tupa mbali na shamba. Weka sufuria ya shughuli kwenye mafiga, maji yatokote hasa. Tumbukiza tunguu, hesabu thelathini polepole, toa. Sekunde 30, basi. Ukizidisha sana umepika mboga. Mayai ya fukusi na minyoo fundo havipendi joto hilo. Wataalamu wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, wamewafundisha wakulima wadogo njia hii kwa sababu haihitaji dawa wala kipimajoto. Jirani yangu mwalimu aliniuliza kama inafaa huku juu, maana tuko zaidi ya mita 1,700 na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Zinatosha kabisa. Acha lipoe, na usililaze karibu na migomba ya zamani, fukusi hutembea usiku.

Hatua ya pili ni shimo na mbolea, ila Mfipa anayefukia nyasi kwenye matuta ya ntumba hahitaji somo la mboji kutoka kwangu. Panda mvua za Novemba zikishika. Panda nyuma ya nyumba, upepo ukutane na ukuta kwanza, na uchague mgomba mfupi. Kila shina libaki na mama, mtoto na mjukuu, machipukizi mengine ng'oa.

Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda, usilikate. Mnyauko wa bakteria ulioonekana Kagera mwaka 2006 husafiri kwa visu na mapanga. Ndiyo maana panga langu la migomba siazimishi, hata shemeji yangu anajua, na amenuna.