SOMO LA WIKI: Hesabu umeme unakatika mara ngapi kabla ya kununua betri

Mteja anayetafuta inveta ya nyumbani huulizwa dukani: unataka wati ngapi? Swali ni halali, lakini si la kwanza. Wati zinaonyesha vitu vingapi vinaweza kuwaka kwa pamoja. Vitawaka kwa muda gani, hilo ni la betri, na betri ndiyo inayomeza mtaji.

Tuchukue taa nne za wati 10, televisheni ya wati 80 na feni ya wati 60. Jumla ni wati 180. Kwa saa nne ni wati-saa 720, na kwa kuwa inveta nayo hula chake, weka 830. Betri ya maji ya volti 12, 200Ah, hubeba 2,400, lakini isishushwe chini ya nusu. Za kutumia ni 1,200, yaani uniti 1.2. Inatosha. Pasi usiichomeke. Friji inawezekana, ila mota yake inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida, na inveta ndogo huzima papo hapo.

Sasa bei. Betri ya maji ya kazi hii, ikitunzwa, hustahimili kushushwa hadi nusu na kuchajiwa tena kama mara 500. Hizo ni uniti 600 za maisha yake. Lithiamu ya 100Ah hutoa karibu uniti 1 kila mara, na mara 3,000 si ajabu. Hata ukiuziwa kwa bei mara mbili, kila uniti itakugharimu chini ya nusu ya ile ya betri ya maji.

Muuzaji huishia hapo. Lakini betri ya maji hufa pia kwa uzee, mara nyingi ndani ya miaka mitatu hadi mitano, na joto la Dar es Salaam huiharakisha. Ukikatiwa umeme mara nne kwa mwezi, kwa miaka minne utakuwa umeitumia mara 192 tu, uniti 230 hivi. Lithiamu ikidumu miaka kumi kwa matumizi hayo itakupa uniti 480. Kwa bei mara mbili, ni sare, nawe umefunga fedha yako miaka kumi. Anayekatiwa kila siku hali yake ni nyingine kabisa: mara 500 zinaisha ndani ya mwaka mmoja na nusu.

(Betri ya gari iache. Mjomba wangu aliinunua kwa urahisi wa bei, haikumaliza mwaka. Mabamba yake ni membamba, ya kuwashia injini kwa sekunde chache.)

Andika basi katika daftari, mwezi mzima, umeme umekatika mara ngapi na kwa saa ngapi. Wa kila siku alipie lithiamu, baada ya kuhakikisha inveta yake inaweza kuichaji. Wa mara chache anunue ya maji, aiweke penye hewa, akague maji yake kila mwezi, na fedha iliyobaki aizungushe dukani.